Abibo na Mbuzi ya Kukunia Nazi

Mume wangu Abibo alikuwa mkwezi wa minazi. Kijiji chetu kiko upande wa ghuba unaotazamana na Palma, hapa ambapo watu wa gesi wamechomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu, na minazi yote unayoiona kutoka msikitini hadi kwenye mikoko aliikwea yeye. Hakuwa mtu wa kusimuliwa. Hakufika Pemba, hakuoa wake wawili, hakugombea ukubwa wa kitu chochote. Alikwea, akashuka, akaoga, akala. Nyayo zake zilikuwa ngumu kwa upande wa ndani kama ngozi ya ngoma, na shati lake la kazi lilikuwa na kiraka cha buluu mgongoni, nilichokishona mimi, vibaya.

Namwandika kwa sababu sasa kijiji kizima kinamcheka, naye yuko kaburini hawezi kujibu, na aliyewapa cha kuchekea ni mimi mkewe. Herufi zangu ni za msimu mmoja wa elimu ya wakubwa baada ya Uhuru, kwa hiyo sitapamba.

Nilipoolewa nilikuwa na mkono wa kulia mbovu. Nilianguka kisimani nikiwa msichana, kifundo kikavunjika, kikaunganika upande. Kwetu walificha. Nilivalishwa bangili mpaka juu, posa ikaja, harusi ikapita, nikawa mke wa mtu. Kufua naweza. Kutwanga naweza kwa mkono wa kushoto. Lakini nazi siwezi. Unaikalia mbuzi, kile kigoda chenye chuma cha meno mbele, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakandamiza unazungusha, unakandamiza unazungusha. Kifundo changu kikikandamizwa kinalegea kama kamba iliyooza. Na mke asiyeweza kukuna nazi, huku kwetu pwani, ni mke gani? Mchuzi bila tui ni maji ya kunawia. Ningerudishwa kwetu, tena mchana, watu wakiona.

Mara ya kwanza nilipobaki peke yangu jikoni na nazi yangu, nililia juu yake. Abibo akaingia kutafuta kaa la moto la kuwashia sigara. Akanitazama, akautazama mkono. Hakuuliza. Akaenda kufunga mlango wa ua kwa komeo, akarudi, akanisukuma kwa bega kutoka kwenye mbuzi, akaikalia yeye.

Sasa, mwanamume wa huku haikalii mbuzi. Nazi ataikwea, ataifua makumbi, ataivunja, ataiuza. Kuikuna ni kazi ya mwanamke, na mwanamume akikutwa ameikalia, miguu imepanuka, kifuu mkononi, utani wake hauishi mpaka azikwe. Abibo alilijua hilo. Aliogopa utani kuliko alivyoogopa mnazi mrefu siku ya upepo.

"Zaituna," akaniambia, "hili ni la jikoni. Lifie jikoni."

Nikamwambia litafia jikoni.

Basi Abibo alikuna nazi kila siku ya maisha aliyonipa Mungu pamoja naye. Watoto hatukujaliwa, kwa hiyo hapakuwa na jicho la mtoto wa kuona na kwenda kusema. Shida ilikuwa sauti. Kwaru-kwaru-kwaru, jirani anasikia, na ua wa makuti una masikio. Nikawa nasimama kando yake nampigia kelele.

"Wewe Abibo! Umelala tu kama gogo, na mimi mgongo unakatika na nazi zako!"

Kwaru-kwaru-kwaru.

"Mume gani huyu, hata kifuu hanipokei!"

Naye pale chini anakuna, mabega yanatikisika kwa kicheko asichoweza kukitoa. Jirani yetu Mussagy, mkwezi mwenzake, alikuwa akimpa pole njiani. "Ndugu yangu, wewe hukuoa mke, umeoa mdomo." Na wifi yangu Mwanahamisi, dada yake Abibo, alinichukia kwa kelele zile. Aliapa kwamba kaka yake atatangulia kufa kwa sababu ya ulimi wangu. Nilimwacha anichukie. Mimi si mtu wa kujieleza. Ile ilikuwa kazi yetu sisi wawili, yeye anakuna na mimi natukana, na tuliifanya vizuri.

Abibo akafa kwa homa, wakati wa mvua. Nikaingia eda.

Mwanamke wa eda hatoki, havai rangi, hajipaki msiro. Wenzako wanakupikia, wanakufagilia, wanakuletea maji. Wanasema ni heshima. Mimi niliona nimenyang'anywa. Nilikuwa nikikaa ndani nasikia ufagio wa mtu mwingine kwenye ua wangu, naye anaufagia kinyume, kutoka nje kuja ndani, na siwezi kusema kitu kwa sababu ni mfiwa. Siku moja walipoondoka wote nikaingia jikoni. Mbuzi ilikuwa imeegemezwa ukutani, haina kazi. Nikachovya kidole kwenye masizi ya chungu nikaichora pale pale ukutani, nyuma yake. Kwa nini, sijui. Nadhani niliona iko peke yake mno.

Kesho yake nikasaga msiro juu ya jiwe. Huo ni mti wetu, wanawake tunausaga na maji tukajipaka uso ukawa mweupe na laini. Usoni nilikatazwa miezi ile. Ukutani hakuna aliyenikataza. Nikatafuna mswaki mpaka ukawa na nyuzi, nikauchovya, nikaipaka nazi weupe wake. Halafu kwa udongo mwekundu nikaweka miguu imeipanukia mbuzi. Halafu mgongo. Nilipofika kwenye kiraka nikachukua buluu ya kufulia.

Alikaa pale kama alivyokuwa akikaa. Amenipa mgongo, mabega yamepanda kidogo, anacheka.

Eda ikaisha, wenzangu wakaniachia kazi zangu, na mimi sikuacha. Nilichora ufagio, nikalazimika kukumbuka ufagio ulipita wapi, ndipo nikaona kwamba Abibo alikuwa akiinua miguu nikimfikia, kabla sijamwambia, miaka yote. Nilichora mtungi wa maji, nikaona alikuwa akiniwekea upande wa kushoto, upande wa mkono mzima. Nilichora ungo, nikakumbuka alikuwa akisimama upande unakotoka upepo ili pumba zisinirudie usoni. Haya yote niliyaishi bila kuyaona. Kazi ya nyumbani ukiifanya unataka iishe tu, kwa kuwa kesho ipo tena. Ukiichora inabidi uiulize. Mkono ulikuwa wapi? Nani alisimama kando? Nilikuwa napika mchana halafu alasiri nayachora yale mapishi, na mchana wa pili napika kwa makini kidogo, ili niwe na kitu cha kuuliza. Ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Ukuta mzima ukajaa, ule wa ndani unaoelekea moto, na moshi ukanipakia juu yake rangi ya asali.

Na juu yake nikaning'iniza jamvi.

Niliona aibu. Bibi mzima anachora ukutani kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyeokota mkaa. Tena anamchora nani? Yule yule aliyekuwa akimwita gogo mpaka msikitini wanasikia. Wangesema Zaituna amerukwa na akili kwa ajili ya mwanamume. Lakini hiyo ya kwangu ningeivumilia. Kubwa ni kwamba nilikuwa nimemkalisha Abibo kwenye mbuzi, wazi, na nilimwahidi litafia jikoni. Anayeingia amwone ni mmoja tu, mimi, basi.

Nazi niliacha kula. Nani angenikunia? Mwanahamisi alinikuta siku moja nakula.

"Wifi," akasema, "mchuzi wako siku hizi mtu anaona mpaka chini ya sufuria."

"Daktari wa Palma kanikataza nazi. Moyo."

"Moyo?" Akacheka. "Moyo wewe unao?"

Kisha akaja Yasmin, mtoto wa marehemu dada yangu, kutoka Mocímboa da Praia, na mtoto mgongoni na biashara ya kukaanga bajia. Mumewe alikwenda Tanzania hakurudi. Yasmin akakuna nazi, akapika, akanipakulia. Nikakataa. Nilishasema daktari. Akawa anapika chungu chake cha tui na mimi changu cha maji, moto mmoja, mafiga yale yale. Uongo ukishausema lazima uule. Akaniuliza jamvi lile la nini, nikamwambia linazuia upepo. Akautazama ukuta wa udongo, akanitazama mimi, akarudi kwenye bajia zake. Ana adabu.

Hapo ndipo mambo ya gesi yalipotufikia. Kwanza tulisikia iko chini ya bahari. Baadaye tukasikia kumbe na sisi tulioko juu ya nchi kavu tumo njiani mwake. Wakaja watu wa kapasete, zile kofia ngumu za kazini, wakaitisha mkutano, wakasema tutahamishwa, na kila mmoja atapewa huko kwa kadiri ya alichokuwa nacho huku, nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko. Kilichojengwa baada ya tangazo hakiandikwi.

Watu ni watu. Vibanda vikaota kama uyoga. Kila jirani akamwapia jirani yake kwamba kile ni cha tangu enzi za babu. Sekretariu wa kijiji chetu, Jamaldine, alimwapia mmoja, wageni wakavuta fito ukatoka utomvu mbichi. Akaaibika mbele yao, masikini. Tangu siku hiyo kiapo cha jirani kikawa hakina thamani. Waliandika walichokiona kwa macho, na aliyekutwa na kibanda kipya, nyumba yake yote ilitiwa kando, ingoje.

Kwangu walikuja wawili. Mmoja kijana wa kusini, Celso, mwenye makina ya picha, hajui lugha yetu. Mwingine Domingos, mtu wa Mueda, mkalimani. Wakapima nyumba, wakaandika namba kwa rangi nyekundu kando ya mlango. Wakaelekea uani. Nikasimama kwenye mlango wa jiko.

"Mama, tupishe tupige picha," akasema Domingos.

"Jiko si la wanaume."

"Ni picha tu. Kuta nne na paa."

"Kuta zipo nne. Nimeshazihesabu, andika."

Akamwambia mwenzake kwa Kireno. Yule kijana akanitabasamia, akasema, "Vovó, por favor." Vovó maana yake bibi. Mimi si bibi yake. Nikakaa chini mlangoni, nikanyoosha miguu. Wakaondoka, wakasema watapita tena Alhamisi, na jiko lisipoonekana halitaandikwa.

Yasmin alingoja wapotee. "Mama mdogo, biashara yangu iko kwenye jiko hili. Huko tuendako bajia nitakaangia wapi, kwenye mvua?"

"Mungu yupo."

"Mungu yupo na jamvi liko. Kuna nini nyuma ya jamvi?"

Nikamchukua mtoto wake, nikamwogesha. Lakini usiku ule maneno yake yalikaa na mimi, kwa kuwa alikuwa na haki, na mtoto wake hana kosa.

Nikajiona nina akili. Kila mwaka kabla ya Ramadhani wanawake wa huku tunakandika upya nyumba na majiko, kila mtu anajua, na Ramadhani ilikuwa karibu. Nikasema, nitaukandika ukuta, watakuta udongo, watapiga picha yao ya udongo, waende. Abibo atakuwa amefunikwa tu, hajaondoka. Alhamisi asubuhi Yasmin alipokwenda kisimani, nikateremsha jamvi, nikaondoa mafiga, nikazoa majivu, nikakanda udongo na maji.

Nilianzia kwenye nyayo. Nimekandika kuta maisha yangu yote, mkono wenyewe unajua, na siku ile haukujua. Kila donge nililopaka niliona nampaka sanda. Nikaziba miguu, nikaiziba mbuzi, nikaziba kile kiraka. Nilipofika mabegani nilimwambia, "Vumilia, ni leo tu." Nikayaziba na mabega, kisha nikazipitishia udongo na zile kuta nyingine zifanane.

Walipopiga hodi mikono yangu ilikuwa bado na udongo. Nikawaambia karibuni jikoni. Nikawapisha mwenyewe, kwa heshima zote.

Domingos akaingia, akatazama juu. Paa lilikuwa la makuti mapya, tuliloezeka Yasmin na mimi kabla hata ya tangazo. Akatazama chini. Hapana majivu. Akaugusa ukuta, kidole kikazama.

Akageuka taratibu. "Mama," akasema, "hili jiko ni la leo."

"La leo? Jiko hili nimepikia tangu nilipoolewa!"

"Paa jipya, ukuta maji, moto haujawahi kuwaka. Na juzi ulitukatalia kuingia kwa sababu halikuwa tayari. Sivyo?"

Mjinga nilikuwa mimi. Kukandika kwa Ramadhani, anayejua ni sisi. Mtu wa Mueda na mtu wa kusini watajuaje? Na kwa macho yao walikuwa wakisema kweli. Wakamwita sekretariu. Jamaldine akaja, na nyuma yake watu, maana siku zile wahesabu wakienda kwa mtu kijiji chote kinakwenda. Mussagy akaegemea ua. Yasmin akarudi na ndoo kichwani, akasimama nayo, hakuitua.

"Jiko hili ni la zamani," nikamwambia Jamaldine. "Sema. Umekula humu harusi ya Abibo."

Akaangalia pembeni. "Bi Zaituna, mimi siapi tena kwa ajili ya mtu. Kwa nini umekandika leo?"

"Ramadhani."

"Na juzi kwa nini uliwazuia?"

Hapo sikuwa na neno. Mimi, ambaye kijiji chote kilisikia maneno yangu miaka yote ile.

"Basi," akasema Jamaldine, kwa sauti ya kusikiwa na wageni, "hata wewe. Mke wa Abibo, mwizi."

Naapa, nilikuwa tayari kunyamaza. Jiko liende, na nyumba ingoje. Yasmin ningemtafutia njia. Niliwaza, mwizi ni neno, litapita. Ndipo Mwanahamisi akasema kutoka mlangoni mwa ua. Hakumwambia mtu. Alikuwa anatazama chini.

"Kaka yangu hakuoa mwizi. Alioa mdomo mchafu, lakini mwizi hakuoa."

Na watu wakamtazama kwa huruma, kama anayetetea kisichoteteleka, na nikaona kwamba kuanzia siku ile, akitajwa Abibo mahali popote, atakuwa yule aliyeoa mwizi wa vibanda. Ama awe huyo, ama awe yule aliyekalia mbuzi. La tatu halikuwepo, na wa kumchagulia nilikuwa mimi.

Nikachukua upawa na ndoo ya kichwani kwa Yasmin. Nikamwaga maji ukutani, nikakwangua.

Udongo mbichi haushiki juu ya moshi wa miaka. Ukaanguka mabonge mabonge. Zikatoka nyayo kwanza, halafu miguu, imepanuka. Halafu chuma cha mbuzi na nazi yake, msiro umechafuka lakini mweupe. Nikasikia watu wanajazana mlangoni. Nikaendelea kukwangua, mgongo wangu kwao, mpaka kiraka, mpaka mabega, mpaka ufagio na ungo na mtungi, na kila mahali yeye yupo, mguu wake, bega lake, kofia yake. Rangi ya moshi ilikuwa imeingia ndani ya kila kitu. Celso akakwaruza pembeni kwa kucha, akainusa. "Antigo," akasema. Domingos hakuhitaji kutafsiri, kila mtu alielewa kwamba ni la zamani. Makina ikalia.

Kisha yule kijana akauliza kitu, na Domingos akanigeukia. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Anauliza, huyu ni nani?"

"Mume wangu."

"Na hapa anafanya nini?"

Ningeweza kusema amekaa tu. Lakini kila mwenye macho alikuwa ameona.

"Anakuna nazi," nikasema.

Halafu Mussagy akapasuka.

"Abibo mwanamume! Kumbe nazi ulikuwa unaiangusha mwenyewe na kuikuna mwenyewe! Mkeo ulimbakizia nini, kumeza?"

Ua mzima ukacheka. Hata Jamaldine alicheka, akaziba mdomo kwa kofia. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu kicheko kibaya kinaisha. Walicheka kama watu waliopewa kitu kizuri cha kukaa nacho. Uso wangu uliwaka kama nimeuinamia moto. Nilitaka kusema habari ya mkono wangu, kwamba alifanya kwa ajili ya huu, na nikauinua, bangili zikateremka, kila mtu akauona ulivyopinda. Nikaushusha.

Jiko likaandikwa. Yasmin aliliona kwa macho yake likiandikwa, akanishika bega, nikamwambia aniache.

Tangu siku hiyo watoto wana mchezo. Mmoja anakaa juu ya gogo na kifuu, kwaru-kwaru, mwingine anampigia kelele, "Umelala tu!" Wanaufanya hata mbele yangu, hawana habari. Mussagy akikwea, huko juu anaimba jina la Abibo Mkunaji, na walio chini wanaitikia. Njia ya kisimani inapita makaburini. Nimeacha kuipita, nazunguka kwenye mikoko, matope mpaka magotini, kwa kuwa sijui nikimpitia nitamwambia nini. Nilimwokoa na jina la mume wa mwizi. Hiyo najua. Lakini nilichomwahidi si hicho.

Mwanahamisi hakuja siku nyingi. Alipokuja alikuwa na nazi mbili kwapani, zimefuliwa.

"Hodi."

"Mwenyewe hayupo," nikamwambia kutoka jikoni.

"Nimeisikia sauti ya asiyekuwepo." Akaingia. Jamvi sikulirudisha, lingeficha nini tena? Akasimama mbele ya ukuta, muda mrefu. Nikaendelea kuchochea moto.

"Miguu umeikosea," akasema. "Abibo alikuwa na vidole vifupi."

"Virefu."

"Mimi nimemjua kabla yako."

"Na mimi nimemkata kucha."

Akaziweka nazi chini. Kisha sauti yake ikabadilika. "Mama yetu alimwomba, unajua? Alipoumwa mgongo. Alimwomba amkunie nazi moja tu, mlango umefungwa, mimi niko shamba. Akasema, mama, mimi mwanamume. Mama akala mchuzi mkavu mpaka niliporudi." Akanigeukia, macho mekundu. "Wewe ulimpa nini?"

"Sikumpa kitu. Nililia."

"Na mama alilia!"

Nilikuwa najua aibu yangu na aibu ya Abibo, sikujua kama kuna mwingine humu ndani. Labda ndiyo sababu aliniondoa kwenye mbuzi haraka vile siku ile. Labda alikuwa analipia. Hayuko nimuulize, na ukuta hilo haukunijibu.

"Miaka yote nikakuchukia kwa kumtukana kaka yangu," akasema Mwanahamisi.

"Ulinichukia vizuri tu."

"Wala sitaacha sasa. Nimeshazoea."

Akaivuta mbuzi. Akaikalia pale pale, chini ya mgongo wa kaka yake, akavunja nazi, akaanza. Kwaru-kwaru-kwaru. Hakuniuliza habari ya daktari. Alikuna zote mbili, akachuja tui kwa kifumbu changu, akalimimina mwenyewe kwenye chungu changu cha maji, Yasmin akitazama kwa mdomo wazi.

"Na wewe usinichore," akasema.

"Nani akuchore? Kwa makalio hayo ukuta utatosha?"

Akasonya. Akanipakulia. Tui lilikuwa zito, la kwanza, lile linaloshika kwenye midomo, na tangu Abibo afe nilikuwa sijalionja. Nilikula nimeinamisha uso ili nisimwone yeye wala nisiuone ukuta. Sahani ikaisha. Nikaona aibu kuomba, nikaisogeza tu, akaijaza tena.